Pole Moja, Si Mbili

Wakio mwanangu,

Mmetoka na baba yako kwenda kutazama bahari ya Jeddah, nami nimebaki hapa kwa Mama Neema nikisema kichwa kinaniuma. Kichwa changu ni kizima. Nilitaka kukaa na kalamu kabla hamjarudi, kwa sababu kesho alfajiri kule uwanja wa ndege kutakuwa na watu na mizigo, na mimi nikiwa mbele za watu huwa nazungumza habari za soksi.

Basi ya soksi tuyamalize hapa. Kufua wajua, kupika wajua, kumpigia mama yako simu wajua pia, ingawa hujifanya umesahau. Habari za baridi sina la kukufundisha. Wewe ndiye uliyenieleza mimi kwamba kuna theluji kavu na theluji maji, nami nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Hayo halas, yamekwisha.

Nataka kukujibu. Wiki iliyopita nyumbani Riyadh uliniuliza jambo nami sikukujibu. Nilikuwa jikoni nazipiga nta ski zako, na wewe umekaa juu ya ndoo ya mchele unalinyoosha lile goti lenye kovu. Ukasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Mama, ukiniambia nisiende, siendi."

Nikanyamaza. Pasi ikanigandia mkononi, nikasikia harufu, na nilipoiinua nikakuta ski imefanya baka la kuungua upande wa chini. Mimi, niliyelea nyumba kwa pasi. Ukashuka, ukatazama, ukasema, "Pole, Mama," ukachukua kile kikwangulio chako ukaanza kukwangua. Hukuuliza tena. Uliingia garini bila jibu, ukavuka jangwa lote bila jibu, na najua bado unalingoja, kwa maana jana njiani kila nilipofungua mdomo uligeuka kunitazama. Nami kila mara nikaishia kuomba maji.

Halafu pale kituo cha petroli. Sijui kama wewe umekiweka moyoni, mimi nimekiweka. Baba yako alikuwa anajaza mafuta, ski zako zimefungwa juu ya gari kwa kamba ya kuanikia nguo, na mzee mmoja Msaudi akaja kuzizunguka. Akauliza, "Eish hada?" Ni nini hivi? Baba yako, ambaye mzaha haumwishi, akamwambia ni vyuma vya pazia. Wewe ukatoa kichwa dirishani ukamjibu kwa hicho Kiarabu chako cha mtaani kwetu Al-Suwaidi kwamba ni vya theluji, na kwamba wewe ni mwanamichezo wa mashindano. Mzee akatazama kulia, mchanga. Akatazama kushoto, mchanga. Akauliza theluji iko wapi. Ukamwambia, "Ndiyo naifuata, ammu."

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Akaenda kwenye gari lake akatuletea tende na maji baridi, akakuombea dua, na mimi nikakaa kiti cha mbele nikikutazama kwenye kioo. Sijawahi kukusikia ukijitambulisha hivyo kwa mtu usiyemjua, bila kucheka na bila kuomba radhi. Wakio, ninakustahi. Nimekupenda tangu siku ya kwanza, hilo halina habari, kila mama anapenda. Lakini kumstahi mtoto uliyemfunga nepi ni jambo jingine, na hakuna aliyeniambia kwamba lingenifika.

Sasa nikueleze kwa nini nilinyamaza. Inabidi nirudi nyuma kidogo, vumilia.

Nilipoondoka Wundanyi kuja kazini hapa Jeddah, bibi yako alinishika masikio yote mawili, kwa mikono yake ile ya jembe, akaniambia, "Huko uendako, uende polepole." Hakuongeza kitu. Nikadhani ni maneno ya kuagana tu, kama watu wanavyosema. Nikafika mtaa wa Al-Hamra, kwenye jumba lenye vyumba ambavyo mpaka naondoka vingine sikuwahi kujua vya nini, nami nilikuwa msichana wa mbio. Nilikuwa nafagia mbio, naosha mbio, najibu mbio. Asubuhi moja ya Idi nikampigia bosi pasi kanzu yake nyeupe mbio, nikaacha alama ya pasi mgongoni, kahawia, nzima nzima, na ncha yake.

Nilijua nimekwisha. Madam akaja, akaitazama kanzu, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu juu ya pasi akausukuma taratibu juu ya kitambaa akisema, "Shwaya shwaya." Polepole. Neno lile lile la mama yangu, kwa lugha nyingine, kinywani mwa mwanamke ambaye hangejua hata Wundanyi iko upande gani wa dunia. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Tulikuwa watumishi wa ndani wawili nyumba ile. Mpaka leo akitaka kunitania huniita Shwaya.

Tangu siku ile nikawa mtu wa polepole, na polepole ikanilisha. Nilijifunza kutojibu neno kabla halijapoa. Nilijifunza kupita chumbani bila mtu kujua kwamba nimepita. Wenzangu wa nyumba nyingine waliojibu haraka walirudishwa kwao kabla hawajazoea mito yao. Hata baba yako nilimpata polepole. Alikuwa dereva wa nyumba ile, na alinisalimia muda mrefu sana kabla hajapata kwangu zaidi ya salamu. Mwenyewe anasema alikuwa karibu kukata tamaa na kumsalimia Mama Neema.

Kwa hiyo unaona nilikotoka na neno hili. Sikuliokota njiani. Lilikuwa mali yangu, pengine mali pekee niliyoichuma mwenyewe, nami nilikuwekea wewe.

Baadaye baba yako akajifunza mitambo ya baridi, akapata kampuni Riyadh inayotoa ikama, kile kibali cha kuishi na familia, tukakutoa kwa bibi yako ukiwa na meno ya mbele mawili pungufu. Nikaanza kupiga pasi kanzu za majirani pale nyumbani Al-Suwaidi. Na kampuni ikampeleka baba yako kutunza mashine za ule ukumbi wa theluji ndani ya moli.

Siku ya kwanza alipokupeleka nilikuwepo. Nje jua linachoma mpaka lami inanata, ndani watu wamevaa makoti. Ulivaa koti la baba yako la kazi, mikono yake imekufika magotini, ukasimama kwenye kizuizi ukiwatazama watoto wa matajiri wa Al-Malqa wakifundishwa kushuka kile kilima. Mimi nimekiita kilima, lakini wewe unakijua kilivyo, ukipiga chafya umefika chini. Ulitazama mpaka baba yako akamaliza zamu. Halafu ukasema, "Wanakosea. Wanaegemea nyuma."

Kocha Fadi alikusikia. Wakati ule hakuwa kocha wa mtu, alikuwa Mlebanoni mmoja mwenye baridi ya miguu anayelipwa kuwashika mikono watoto wa watu. Akauliza umesema nini, ukarudia kwa Kiarabu, na yeye akaenda akaleta ski za mtoto fulani aliyekua akaziacha. Akakufunga. Ukapanda juu. Nami, wewe ukiwa hata hujajisukuma, nikapiga kelele ukumbi mzima ukageuka: "Polepole!"

Ulianguka papo hapo. Sisemi ni kwa sababu yangu. Kila mtu huanguka mara ya kwanza. Lakini nakumbuka kwamba kabla ya kuanguka uligeuza uso kunitafuta.

Mengine unayajua, ila nataka uyaone nilivyoyaona mimi, nikiwa upande wa pasi. Fadi alipokuja nyumbani kunionyesha kwamba ski hupakwa nta na nta huyeyushwa kwa pasi, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema kumbe mchezo wenyewe ni wa dobi, hapa mwanangu ana mtaalamu. Utaalamu gani. Nilianza kwa kutia maji nipige kwa mvuke kama kanzu ya Ijumaa, Fadi akashika kichwa. Halafu nikatumia pasi ile ile kwenye nguo za watu, na jirani yetu wa ghorofa ya juu akaenda msikitini na doa la nta kifuani, kubwa, linang'aa, na watu wakamuuliza amekula nini. Ndipo tukanunua pasi ya pili nikaifunga uzi mwekundu kwenye waya, ile ya theluji, isiguswe.

Nilikuona ukifanya mazoezi ngazini na madumu ya maji mabegani, joto lile, jasho linakudondoka puani, watoto wa majirani wamekaa wanakuhesabia na kukudanganya hesabu. Nilikuona sebuleni umefumba macho, viganja mbele, unavipeleka huku na huku, mabega yanafuata, unajikariri milango ya njia utakayoshuka ugenini. Mama mmoja mteja wangu alikuja kuchukua nguo akakukuta hivyo akaninong'oneza, "Binti yako anaumwa?" Nikamwambia, "Hapana, yuko Lebanoni, anarudi sasa hivi."

Na ile simu ya mashindano ya kwanza. "Mama, nimemshinda mmoja!" Nikapiga vigelegele. Baadaye nikaja kujua kwamba huyo mmoja alianguka. Nikasema haidhuru, hata aliyeanguka ni mtu, na amechapwa na mtoto wa Taita. Mwaka uliofuata ukawashinda waliosimama. Ukaenda Georgia, ukaenda Uturuki, mtangazaji akilitafuna jina lako kila mahali, na kila mahali pembeni ya jina bendera yetu, na wewe unashuka na ski za mitumba zilizopigwa nta jikoni jangwani. Wale wasichana wengine wamezaliwa theluji iko mlangoni. Wewe ulikuwa unapata theluji ya kweli kwa wiki chache kwa mwaka, na iliyobaki ukijikariri sebuleni. Mimi nisingeweza. Wacha niseme tena ili usidhani ni maneno ya mama: mimi nisingeweza.

Lakini kila mara kabla ya kushuka ulinipigia simu, na kila mara nilikuambia, "Haya mwanangu, polepole." Ukajibu, "Sawa, Mama."

Siku moja Fadi alikuja nyumbani akiwa peke yake. Akanywa chai, akala mahamri, akaweka kikombe chini kwa adabu. Akasema amekusikia ukinong'ona neno pale kwenye mlango wa kuanzia, kila shindano, na amekuuliza maana yake ukamwambia. "Mama Wakio," akasema, "bolebole mafi. Halas bolebole. Yalla tu, yalla." Yaani hakuna tena polepole, twende tu; wajua Waarabu na P. Niliangua kicheko, nikamwongeza chai, na alipozidi kushikilia nikachukia. Nikamwambia, "Kocha, wewe umempata akiwa na miguu. Mimi nilimpata hana hata meno. Usinifundishe cha kumwambia." Akainamisha kichwa. Hakurudia tena, na mimi sikuacha. Nilikuwa naiona ni haki yangu.

Sasa nafika pale ambapo pasi ilinigandia.

Siku ulipoumia Uturuki, mshuko wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Baba yako alikuwa anafuatilia kwenye simu yake akaja jikoni mbio kuniambia uko juu, juu sana, na umebaki mshuko mmoja. Wengine wangefurahi. Mimi nilishikwa na hofu. Nilihisi umepanda kitu chembamba, na kwamba nisiposema neno utadondoka. Na siku ile hukunipigia wewe. Mimi ndiye niliyekupigia, kati ya mshuko na mshuko, wakati watu wa kazi yako hawapigiwi simu. Nikakuambia, "Sasa polepole, usije ukaharibu." Ukasema, "Sawa, Mama."

Nimeiona ile video, ingawa nilikuambia sijaiona. Nilimwomba Fadi anieleze, naye hakutaka, nikamlazimisha. Alinionyesha mahali ulipokaa nyuma. Akasema anayeogopa hukaa nyuma, na akikaa nyuma ski huenda zake na goti likabaki. Hakunilaumu. Hakuwa anajua habari ya simu.

Baada ya upasuaji, ulipoletwa nyumbani bado dawa zinakulewesha, nilikuwa nakufuta uso na kitambaa. Ukafungua macho ukasema waziwazi, "Nilisikia sauti yako pale mlangoni, Mama, nikajizuia." Kisha ukalala. Ulipoamka uliomba chai, na hukuwa na habari ya ulichosema. Mimi nimelala nalo tangu siku hiyo. Nakuambia leo kwa sababu ni lako, na kwa sababu sitaki uende nalo bila kujua unalibeba. Nisamehe, mwanangu. Nilikuvunja kwa neno ambalo mimi liliniunga.

Nimejiuliza sana nilikosea wapi, maana neno lenyewe si baya. Nafikiri kosa ni hili: kazi yangu mimi ilikuwa nisionekane. Mfanyakazi mzuri wa Al-Hamra ni yule ambaye nyumba imekuwa safi na hakuna aliyemwona. Kwa kazi ile polepole ni dawa. Kazi yako wewe ni kusimama juu ya mlima umetajwa jina na watu wote wanatazama, halafu ukajitupa. Sikulijua hilo. Nilikupa nguo yangu bila kupima mabega yako. Labda kuna siku utakuwa na mtoto na utamkosea kwa njia ambayo wala sijaiwazia, na utakapoandika barua yako unitaje kwa upole.

Tangu goti lile sijakutamkia neno hilo, umegundua? Lakini nililisema kwa mlango wa nyuma. Nilipokuletea karatasi za chuo cha uuguzi kule Nairobi, ilikuwa polepole. Nilipoviweka viatu vyako vya ski juu ya kabati, nyuma ya masanduku, nikasema nasafisha, ilikuwa polepole. Wewe ulipanda kwenye kiti, na goti lile lile, ukaviteremsha, ukavipangusa vumbi. Halafu ukaanza tena ngazi. Mwanzoni moja moja, umeshika ukuta, umeuma kanga yangu ili usilie. Watoto wa majirani walirudi kukuhesabia, na safari hii hawakukudanganya hata ngazi moja.

Na msimu uliopita ukaomba kurudi kwenye mlima ule ule. Fadi alisema kuna mingine, akakupa na majina. Ukasema, "Huo." Siku hiyo baba yako aliiegemeza simu kwenye mtungi wa sukari. Nikuambie siri: kabla ya hapo, ukiacha ile video ya kuanguka, sikuwahi kukuona ukishuka shindanoni, hata mara moja. Kila shindano, ulipojisukuma tu, nilikuwa nageukia jiko na kumwacha baba yako anisimulie. Siku ile nilikaa, nikashika meza, nikatazama mpaka mwisho.

Basi nikakuona. Mikono yako mbele, uso wako mbele, unapita milango ile kama mtu anayejua njia ya kwao. Pale ulipoangukia nilipajua, nilikuwa nimepakariri mimi pia, na ulipafikia hukupunguza kitu. Wewe uliongeza. Nilikuona ukiongeza. Ulimaliza katikati ya wasichana ambao baba zao na babu zao walizaliwa juu ya theluji, Fadi anaonekana pembeni analia bila aibu, na baba yako akanigeukia akasema, "Umemwona mtoto wako?" Nikamwambia, ndiyo, leo ndiyo nimemwona.

Kwa shindano lile timu ya kule Austria imekuita. Si kwa huruma, wala si kwa sababu unatoka jangwani na picha itapendeza. Wamekuita kwa kile ulichofanya pale ulipoangukia. Wamesema watakutazama msimu mmoja, na ukiwa na kasi watakubakiza.

Kuna jambo moja zaidi na sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Kule Wundanyi tulikuwa na mteremko nyuma ya shamba la bibi yako, nyasi tupu, na mvua ikinyesha unakuwa utelezi. Tulikuwa tunakalia gamba la mgomba tunateleza mpaka mtoni. Wavulana wote wa kijiji, na mimi. Na Wakio, nilikuwa nawapita. Nilikuwa nainama mbele, nashika ncha ya gamba, nasikia upepo unanivua kitambaa kichwani, na kufika chini nilikuwa nacheka mpaka naumwa mbavu. Halafu siku moja nikaambiwa nimeshakuwa msichana mkubwa, watu wanatazama, inatosha. Nikaacha siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuacha, wala mimi sikumuuliza mtu. Nilikuwa nimeusahau mteremko ule kabisa mpaka siku ile kwenye simu, nilipokuona umeinama mbele.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, nimechelewa wiki nzima nalo. Nenda. Na huko uendako, usiende polepole.

Ile ski niliyoiunguza nimeitengeneza leo hapa kwa Mama Neema. Nimelikwangua lile baka, nikapaka nta upya mara tatu, yeye amesimama nyuma yangu ananiita Shwaya. Alama kidogo imebaki, ukiinamisha kwenye mwanga utaiona. Pasi yenye uzi mwekundu nimeiweka kwenye begi lako, chini ya sweta. Najua huko wana mashine zao. Ibebe tu.

Utaanguka tena, Wakio. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo, na sitajidanganya. Siku hiyo nipigie, saa yoyote, nami nitakupa pole. Moja. Pole moja ni ya kumpa mtu aliyeumia, na kwangu hutaikosa hata siku moja. Zikiwa mbili zinakuwa za kumzuia mtu, na hizo nimezirudisha juu ya kabati langu, huko huko nilikokuwa nimevificha viatu vyako.

Nasikia gari la baba yako limesimama hapo chini. Nasikia mlango. Ni wewe huyo unapanda, nakujua kwa kishindo, mbili mbili, mbio, na goti lile lile, na ngazi za Mama Neema hazina taa. Neno limenipanda mpaka kooni.

Nimelimeza. Panda, mwanangu.

Mama yako